Gari Lilikuwa na Mgonjwa Tayari

Lugembe alipunguza mwendo kabla Najiat hajauliza kuna nini.

"Ajali mbele," alisema dereva huyo, shingo kainyoosha juu ya usukani. "Pikipiki. Watu wamejaa barabarani."

Nyuma, ndani ya gari la wagonjwa, muuguzi Najiat alikuwa amepiga magoti kando ya machela, mkono wake ukikandamiza tumbo la mwanamke aitwaye Agnetha. Agnetha alijifungua asubuhi ile katika zahanati ya kijijini kwao, upande wa Sikonge, na tangu hapo damu haikukoma. Dripu ilining'inia juu yake ikiyumba kwa kila shimo la barabara. Kwenye benchi la pembeni alikaa mama mkwe wake, kampakata mtoto mchanga ndani ya kitenge, midomo ikisali bila sauti. Kazi ya Najiat ilikuwa moja tu. Akilikanda lile tumbo, mfuko wa uzazi unakaza na damu inapungua. Akiachia, unalegea na damu inaanza upya.

"Tunapita," alisema. "Piga honi, omba njia. Nitawapigia wenzetu mjini walete gari jingine."

Ndivyo walivyofundishwa. Ukiwa umebeba mgonjwa mahututi, huyo ndiye mgonjwa wako. Wengine utawaombea msaada. Darasani swali lile lilikuwa jepesi, kila mtu alinyoosha mkono kulijibu.

Lugembe hakupiga honi. Gari lilisimama kabisa.

"Najiat," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ni Emilian."

Emilian wa Kipalapala, mfuga nyuki, mwenye kucheka kwanza ndipo asalimie. Mwanamume aliyempenda kwa miaka mingi, wakifichana, wakigombana na nyumba mbili. Kwao Najiat, mtaa wa Cheyo, baba yake hakutaka kusikia habari ya mkwe Mkristo. Kwao Emilian, mama yake alitaka harusi ya kanisani au hakuna harusi. Mwishowe wao wenyewe walikubaliana wakafunge ndoa bomani, kila mmoja abaki na dini yake, na Ijumaa iliyokuwa inakuja wajomba wa Emilian walikuwa waende Cheyo kubisha hodi rasmi.

Najiat alimtazama Agnetha. Macho yalikuwa wazi, mapigo yapo, japo mepesi. Akamgeukia yule bibi.

"Mama, mlaze mtoto hapo. Njoo uweke mkono wako hapa. Hapa. Bonyeza, zungusha, usiogope. Ukiona damu inaongezeka, niite kwa nguvu zako zote."

Kisha akaruka chini na begi lake.

Emilian alikuwa kalala ukingoni mwa lami, pikipiki iko mtaroni, ndoo zake za asali zimepasuka. Asali ilikuwa imetapakaa kwenye vumbi, na nyuki walishaanza kuja. Mguu wa kushoto, chini ya goti, ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Alipomwona Najiat, uso wake wote ulifunguka.

"Naji," alisema. "Nilijua utakuja."

Najiat alijifanya hakusikia. Angesikia, asingeweza kufanya chochote.

"Kichwa kimegonga? Shingo inauma? Nishike mkono. Bana. Vizuri." Huku akiuliza, mikono yake ilishachana suruali, ikaweka kitambaa kizito juu ya kidonda na kuanza kukifunga. "Vidole vya mguu unavisikia?"

"Sivisikii. Naji, nipeleke."

"Kaka, wewe!" Alimwita mkulima aliyesimama karibu, mtu mzima mwenye jembe begani. "Jina lako nani?"

"Nikolaus."

"Kaka Nikolaus, piga goti hapa. Bana juu ya hiki kitambaa kwa mikono miwili. Usiachie, usifungue kuangalia, wala usimpe maji. Na mtu asiuguse huu mguu mpaka gari jingine lije."

"Gari jingine?" Emilian aliinua kichwa. "Si gari hilo hapo?"

"Lina mgonjwa. Mzazi. Anatoka damu."

"Niwekeni hata sakafuni."

"Haiwezekani. Mguu haujafungwa mbao, nikikuburuta hivi nitaumaliza. Kuufunga kunataka muda na mikono miwili, na mikono yangu iko kwake."

"Basi baki na mimi. Lugembe ampeleke yeye."

"Nani atamshika njiani?"

Kabla hajajibu, kilio kilitoka garini. "Binti! Binti, damu!"

Emilian alimshika kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu bado, nguvu za mtu anayepanda miti kutundika mizinga. "Naji, usiniache. Nakuomba. Usiniache hapa."

Najiat alivifungua vile vidole, kimoja baada ya kingine, akasimama, akakimbia. Hakugeuka. Alipopanda garini mkono wake ulirudi tumboni kwa Agnetha wenyewe, na Lugembe akawasha king'ora. Njia nzima alikuwa akiongea na simu iliyobanwa begani, akieleza palipotokea ajali, akisisitiza, akirudia. Wa upande wa pili alimjibu kwa upole kwamba gari la pili liko Urambo, linarudi, wajitahidi kuvumilia.

Halikuwahi. Emilian alichukuliwa na lori la tumbaku jua likiwa utosini, akalazwa juu ya marobota, mguu ukining'inia. Madaktari walisema mfupa ulikuwa umesagika na mishipa imekatika. Waliukata chini ya goti. Najiat alimuuliza daktari mmoja kama Emilian angefika mapema ingekuwaje, na daktari alivua miwani, akaisugua, akasema, "Sijui, dada. Kwa kweli sijui."

Agnetha alipona. Aliporuhusiwa kurudi kwao, Najiat alikuwa barabarani na mgonjwa mwingine, kwa hiyo hawakuagana.

Wiki zile Najiat alifika wodini kila alipopata upenyo, na kila mara shangazi mmoja wa Emilian alimsimamisha mlangoni na kumwambia kwamba mamake Emilian, Mama Katarina, amekataza. Alisimama ukumbini, akatazama miguu ya vitanda, akaondoka. Nyumbani alikula akitazama ukuta. Kazini Lugembe alimpigia soga, akaitikia mahali pasipostahili, mpaka Lugembe naye akaacha. Alikuwa akiwashika wagonjwa mikono kutwa nzima, na jioni hakuna mtu aliyemshika yeye.

Emilian aliporudishwa nyumbani, Najiat aliomba ruhusa ya siku moja, akavaa baibui lake la kahawia, akapanda bodaboda kwenda Kipalapala.

Nyumba ya kina Emilian ilikuwa nyuma ya seminari, ya matofali ya kuchoma, uani mmetandazwa michembe ya viazi vitamu inakauka juani. Mama Katarina alikuwa kwenye kigoda, kisu mkononi, anakata viazi vitamu. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mama."

Kisu kiliendelea kukata.

"Nimekuja kumwona Emilian."

"Alipokuwa amelala barabarani hukumwona?"

"Nilimwona, mama."

"Ukamruka kama gogo."

"Gari lilikuwa na mgonjwa tayari."

"Nimesikia. Kila mtu kaniambia hiyo habari ya mgonjwa. Mpaka padri." Mama Katarina alitupa kipande cha kiazi kwenye ungo. "Mimi nilikuwa nimeshakukubali, unajua? Nilikuwa nimesema, basi, binti wa Kiislamu ni binti. Nimeshaanza kuzoea jina lako mdomoni. Kumbe siku mwanangu anakulilia, wewe unampa mgongo."

Najiat alikuwa na majibu mengi ya kitaalamu, na hakuna hata moja lililofaa kumpa mwanamke mwenye kisu na mwana mwenye mguu mmoja.

"Mama," sauti ilitoka ndani. "Mwache apite."

Emilian alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda karibu na dirisha. Alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, na bendeji ya mguu ilikuwa imefungwa vizuri. Najiat aliitazama bendeji kabla ya uso, akajichukia kwa hilo.

"Wamefunga sawa?" Emilian aliuliza, na kwa sekunde moja kicheko chake cha zamani kilimgusa mdomoni.

"Wamefunga sawa. Imebana kidogo kwa juu."

"Kaa."

Alikaa kwenye kiti, mbali kuliko alivyotaka.

"Waliniambia ulikuwa unakuja wodini."

"Nilikuwa nakuja. Mama alikuwa amekataza."

"Ulikuwa na sare. Nani angemzuia mtu mwenye sare?"

"Sare nimepewa niingilie kwa wagonjwa wangu, Emilian. Sikupewa nipitie mlango niliokatazwa."

Emilian alitingisha kichwa polepole. "Wewe ni hivyo hivyo. Hata kwa hilo uko hivyo hivyo." Kisha akauliza, "Yule mama alipona?"

"Alipona."

"Na mtoto?"

"Mzima. Wa kike."

"Vizuri," alisema, na alimaanisha. Hilo ndilo lililomuuma Najiat zaidi. Angekuja akakuta hasira, angejua pa kuishika.

Nje, kisu cha Mama Katarina kilikuwa kimenyamaza. Emilian alitazama dirishani, kuelekea mbali kwenye miombo ilikokuwa mizinga yake, ambayo sasa mtu mwingine aliipandia.

"Nyuki walikuja, unajua," alisema. "Baada ya wewe kuondoka. Walifuata asali. Nimekaa nao tangu utoto, lakini siku ile walinitembea usoni na sikuwa na nguvu ya kuinua mkono. Yule kaka Nikolaus alikuwa mtu mwema, hakuachia kitambaa. Alikuwa akinisemesha, ananiuliza habari za mvua. Na mimi nilikuwa namwambia, subiri, mchumba wangu anarudi. Nilimwambia hivyo mpaka lori lilipokuja."

"Emilian."

"Niache nimalize. Lugembe aliniambia kwamba mmefundishwa kupita. Mkiwa na mgonjwa wa vile, mnapita tu. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Sasa kwa nini ulisimama?"

"Kwa sababu ulikuwa wewe."

"Na kwa nini ukaondoka?"

"Kwa sababu alikuwa yeye." Najiat alimgeukia uso kwa uso. "Sikiliza. Nilipomwachia yule mama, alipoteza damu ambayo hakuwa nayo. Nilipanda garini nikakuta shuka limelowa upya. Nilimnyima yeye nikakupa wewe. Kama angekufa, mimi ndiye ningekuwa nimemuua, kwa sababu nakupenda. Hilo sijamwambia mtu. Kila mtu ananiambia nilikuacha. Hakuna aliyeniambia nilimwacha yeye pia."

Macho ya Emilian yalilowa, naye hakuyafuta. Alinyoosha mkono, na Najiat akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana. Vidole vya Emilian vilikuwa vya moto. Vilimpapasa kiganja kana kwamba vinatafuta kitu kilichopotea humo.

"Nina swali moja," alisema. "Nijibu tu, na haya mengine yote tutayasahau. Wajomba wataenda kwenu hata kesho. Nitajifunza kutembea na mguu wa bandia, nitapanda miti tena, utaona. Lakini nijibu."

"Niulize."

"Ikitokea tena. Hivyo hivyo, mimi chini, na garini kuna mtu. Utabaki na mimi?"

Najiat alifahamu papo hapo kwamba hapo ndipo maisha yake yalipokuwa yakiamuliwa. Neno moja tu lilihitajika, na lilikuwa dogo. Hakuna ambaye angemshtaki kwa kulisema. Wanawake wangapi wamewaambia waume zao maneno kama hayo ili wapate usingizi? Na uwezekano wa jambo lile kutokea tena ulikuwa mdogo mno. Alimtazama Emilian, kidevu kile, kovu dogo la mwiba juu ya jicho, akatamani kulisema.

Lakini alimfikiria mgonjwa ambaye bado hajamjua, amelala kwenye machela siku isiyojulikana, naye amekandamizwa na mkono ambao umekwisha kuahidiwa kwingine.

"Nitaondoka," alisema. "Nitalia njia nzima, Emilian. Lakini nitaondoka."

Mkono wake uliachiwa taratibu, bila ukali.

"Najua uko sahihi," Emilian alisema. "Ningekuwa ndugu wa yule mama, ningekupigia magoti. Nimejiambia hivyo kila siku. Lakini mimi si ndugu yake. Nikifumba macho naona mgongo wako unakwenda."

"Ulikuwa mgongo wa mtu anayekimbia kuokoa mtu."

"Mgongo ni mgongo, Naji. Nitakaa nyumbani nikikusubiri utoke kazini, na kila utakapovaa viatu vyako asubuhi nitauona. Nitakuwa mume mbaya. Nitaanza kukuuliza maswali kama hili kila wiki, na wewe utanijibu ukweli kila wiki, kwa sababu hujui kusema kitu kingine."

"Nipe muda. Jipe muda wewe."

"Nimejipa." Alifuta uso kwa ukingo wa shati. "Wajomba wasiende Cheyo. Nitawaambia mwenyewe."

Najiat alisimama. Alitaka kumbusu paji la uso, akaona atakuwa anajipendelea. Akainama badala yake, akalegeza kidogo ncha ya juu ya bendeji iliyokuwa imebana, akaifunga upya. Emilian alimwacha amalize. Alipumua tu, kwa shida, juu ya kichwa chake, kama mtu anayejaribu kukariri harufu.

Uani, Mama Katarina alikuwa amesimama karibu na dirisha. Hakujificha. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akafuatana na Najiat hadi barabarani. Ilikuwa ile barabara ya zamani waliyopita wapagazi kutoka pwani, na siku hiyo ilikuwa tupu, joto likicheza juu ya vumbi. Walisimama kusubiri bodaboda.

"Ungeweza kumdanganya," mama alisema hatimaye.

"Ningeweza."

"Mimi ningemdanganya. Baba yake nilimdanganya vitu vingi, tukaishi vizuri." Alitazama pembeni. "Aligongwa na gari, baba yake. Njia ya Itigi. Walisema magari yalipita, moja baada ya jingine. Wewe angalau ulisimama. Sikulifikiria hilo mpaka nilipokusikia sasa hivi dirishani."

Najiat hakuweza kujizuia tena. Machozi yalimtoka mengi, na mama wa mtu aliyemwacha ndiye aliyempokea, akamkumbatia kwa mikono inayonuka viazi.

"Atanisamehe, mama?"

"Keshakusamehe, mwanangu. Ila hakuwezi."

Bodaboda ilikuja. Mama Katarina alimtengenezea baibui lisinaswe na gurudumu, kama anavyofanyiwa binti wa nyumbani, kisha akarudi kwa mwanawe.

Cheyo, baba yake, Mzee Uwesu, alikuwa barazani na cherehani yake, anapinda suruali ya mteja. Alimwona bintiye akishuka, akamwona macho, akasimamisha gurudumu.

"Hawaji tena, baba," Najiat alisema. "Ijumaa yoyote. Sasa furahi."

"Nani kakwambia nitafurahi?"

"Ulikataa mwaka mzima."

"Nilikataa, mama. Ni haki yangu mimi mzazi kukataa." Mzee alishika kitambaa kilichokuwa kwenye sindano, akakiachia. "Lakini nilikuwa nimeshawaambia wazee wenzangu waje tuwapokee. Nilikuwa nimeshawaambia kijana ni wa watu."

Walitazamana. Najiat alimpita, akaingia chumbani, akakaa kitandani na baibui lake, vumbi la Kipalapala likiwa miguuni. Jua la alasiri liliingia dirishani likaangukia mto wa pili, ambao hakuna mtu aliyewahi kuulalia.

Alichukua simu. Aliandika, akafuta. Aliandika tena, akafuta maneno yote ya mapenzi, yakabaki yale ambayo alikuwa na uhakika nayo, akayatuma:

*Mwambie mama asiibane bendeji kwa juu. Ukiona joto au harufu kwenye kidonda, usingoje, nenda hospitali siku hiyo hiyo.*

Alisubiri. Cherehani ya baba yake ilianza tena barazani, ikasimama, ikaanza. Kisha simu ikatetemeka mkononi.

*Sawa*, Emilian aliandika.

Najiat alilisoma neno lile. Akalisoma tena, akitafuta ndani yake kitu kingine, mpaka mwanga wa simu ukazimika wenyewe na akabaki anatazama uso wake kwenye kioo cheusi.